Mjomba, kila Ijumaa naosha tangi zima na samaki bado wanakufa

Shikamoo Mjomba. Mi nipo hapahapa Tanga, Makorora, mama wa watoto wawili, nakusoma siku nyingi ila kuandika ndo leo, na naandika kwa sababu nimefika mwisho jamani.

Iko hivi. Mfungo sita mume wangu alirudi safari na tangi la samaki, la lita 120, akaliweka sebuleni karibu na tivii, watoto wakafurahi, hata wageni wakija wote wanataka kukaa upande ule. Tukaweka gapi kumi na tano, plati sita, enjeli wanne, samaki wa dhahabu watatu, na yule mnyonya kioo mmoja maana muuzaji alisema huyo ndo mfagizi wa tangi, hamtapata shida ya uchafu. Wiki mbili za mwanzo raha mustarehe. Baada ya hapo vifo mtindo mmoja. Leo mmoja, kesho kutwa wawili, unaamka asubuhi unakuta enjeli kalala ubavu huku anatweta. Mwanangu wa miaka saba anawazika chini ya mpapai na kila kaburi analiwekea kijiti, juzi nimehesabu vijiti vimefika kumi na saba, nikaingia ndani nikakaa kimya.

Sasa usije ukaniambia ni uchafu Mjomba, mi ni msafi. Kila Ijumaa asubuhi watoto wakienda shule natoa maji, nabakisha kidogo tu chini samaki wasikauke, naosha changarawe, naosha mawe, filta naifungua, ile sponji naifua na sabuni ya unga kidogo, nasuuza maji matatu, afu naianika kwenye kamba na nguo mpaka ikauke vizuri ndo nairudisha. Tangi linang'aa mpaka unajiona uso. Na maji situmii ya bomba, yule muuzaji alishanitahadharisha kwamba ya bomba yana klorini inaua samaki, kwahiyo natumia ya kisima, kipo hapo uani, tunachangia nyumba tatu, maji yake matamu tu hata chai tunapikia.

Nikanunua kile kipimo cha amonia cha matone. Maji yakiwa salama yanabaki njano, yakiwa mabaya yanakwenda kijani. Mjomba ya kwangu ni kijani cha kisamvu! Namba 4. Nikaosha tangi upya siku hiyohiyo, nikapima baada ya saa moja hivi, rangi ikawa kati ya 1 na 2, kufika Jumatano imerudi palepale 4. Nimeweka ile dawa ya kutuliza amonia, kipimo hakikubadilika hata kidogo, nikaona nimeliwa hela. Cha kuniudhi zaidi, wifi yangu yupo Lushoto ana tangi dogo, nilimpimia alipokuja na maji yake kwenye chupa, yakasoma 2, na samaki wake wazima wanacheza! Yangu ikisoma 2 tu wako juu wanagombania hewa.

Jirani yangu kaniambia ni macho ya watu, wageni wanasifia hawasemi mashallah. Mume wangu anasema tulitoe tuweke kabati la vyombo. Mi sitaki kushindwa, na mtoto atalia. Nifanye nini?

Mama wawili, Makorora

*

Marahaba mwanangu, na poleni na msiba, kumi na saba ni wengi.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu majibu karibu yote umeyaandika mwenyewe humohumo bila kujua. Nianze na kamba ya nguo. Hiyo sponji unayoianika pamoja na mashati ya watoto ndo moyo wa tangi lako, na wewe kila Ijumaa unautoa unaukausha juani.

Samaki akikojoa, akinya, chakula kikibaki chini kikaoza, vyote hivyo vinatoa amonia. Tena sehemu kubwa inatokea kwenye matamvua yake mwenyewe, anapohema tu. Baharini au ziwani inapotea kwenye maji mengi, ila kwenye lita 120 haina pa kwenda. Kinachowaokoa samaki wa tangini ni bakteria wanaojijenga wenyewe kwenye sponji, kwenye changarawe, kwenye mawe, ule utelezi unaousikia ukigusa. Kundi la kwanza linaila amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, kundi la pili linaila nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka iwe nyingi sana. Kazi hiyo ikikamilika kipimo chako kinasoma njano siku zote hata usipogusa kitu. Kukamilika kwenyewe ni kama wiki nne mpaka sita kwa tangi jipya. Sasa wewe umekuwa nalo miezi, lakini kila Ijumaa unalirudisha siku ya kwanza. Sabuni inawaua, na watakaobaki jua linawamaliza. Tangi lako halijawahi kuwa na umri zaidi ya wiki moja.

Ndo maana wiki mbili za mwanzo zilikuwa raha, amonia ilikuwa bado inapanda taratibu na samaki walitoka dukani wakiwa na nguvu zao. Usijilaumu sana, mi mwenyewe zamani hapa Chumbageni nilikuwa nachemsha mawe ya tangi kwenye sufuria kama muhogo, nikijiona daktari, mpaka wakaisha wote.

Haya, hilo la kwanza, na wengi wangeishia hapo. Ila kuna kitu kingine kwenye barua yako kimenikosesha usingizi kidogo.

Umesema ilikuwa 4, ukatoa karibu maji yote, ukapima baada ya saa moja, ikasoma kati ya 1 na 2. Piga hesabu na mimi. Ukitoa sehemu tisa katika kumi na ukajaza maji masafi, ile 4 inatakiwa ishuke mpaka 0.4, yani kijani cha mbali sana karibu na njano. Ya kwako ikagoma kwenye moja na kitu. Hiyo nyingine imetoka wapi? Samaki waliobaki hawawezi kukojoa kiasi hicho kwa saa moja hata kama walikunywa madafu. Imetoka kwenye ndoo. Unaimwaga amonia mwenyewe, kutoka kisimani.

Kwahiyo kabla hujafanya chochote, kabla hata hujamaliza kusoma, nenda kachote maji ya kisima kwenye kikombe kisafi upime hayohayo, yasiyopita tangini. Afu chota ya bomba upime nayo. Ukiona ya kisima yanageuka kijani na ya bomba yanabaki njano, basi muuzaji wako alikuepusha na klorini akakutupa kwenye baya zaidi. Klorini ni tatizo kweli, hajakudanganya, bakteria wenyewe wanakufa kwa klorini, lakini hilo dogo linatibika: maji ya bomba yaweke kwenye ndoo wazi, tia jiwe la hewa, lile la pampu, litoe mapovu humo usiku kucha na mchana wake, au tumia matone ya dawa ya kuondoa klorini kama unayo, yameisha hayo. Maji ya mjini kwetu yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, samaki wangu wamekulia humo miaka.

Na hapa naomba niache samaki kidogo. Maji ya kisima yakiwa na amonia, mara nyingi kuna kitu kinaoza karibu, inaweza kuwa majani na takataka zilizodondoka ndani, inaweza kuwa choo cha shimo cha moja ya hizo nyumba tatu kinavuja chini kwa chini. Nyumba zetu zimebanana, choo hapa kisima pale, unajua mwenyewe. Na utamu wa maji hauonyeshi kitu. Mpaka mjue, ya kunywa chemsheni, au afadhali chukueni ya bomba na bado mchemshe. Na kama katika hizo nyumba kuna mtoto mchanga wa maziwa ya kopo, asikorogewe na maji hayo kabisa, hata yakichemshwa, maana amonia ardhini inageuka nitrati vilevile kama tangini, na kuchemsha kunaua vijidudu ila nitrati haiondoki, inabaki palepale na maji yakipungua inazidi. Muoneni afisa afya wa kata aje aangalie umbali wa choo na kisima na awaelekeze pa kupimisha. Usiende kwa majirani na maneno ya kumtafuta mchawi, sema tu kipimo cha samaki kimeonyesha kitu, twendeni tukaangalie.

Tuje kwa wifi yako wa Lushoto, maana hilo swali lake zuri. Kipimo chako kinakupa amonia yote kwa jumla, ila ndani ya hiyo jumla wapo wawili, mkali anayepenya matamvua na mpole ambaye hana madhara makubwa. Kinachoamua nani awe mwingi ni pH ya maji, yani kipimo cha uchachu wake, 7 ni katikati na ikipanda maji yanaelekea magadi, pamoja na joto. Maji ya nyuzi 28 yenye pH 7, mkali hafiki hata asilimia 1. Peleka pH kwenye 8, anakuwa asilimia 6 na kitu. Namba kwenye chupa ileile, sumu karibu mara tisa! Maji ya mlimani kwa wifi hayajapita kwenye chokaa na kule kuna baridi. Sisi huku pwani tumekalia chokaa, mtu aliyeingia mapango ya Amboni haulizi, kisima kinachimbwa kwenye jiwe la matumbawe na maji yanatoka magumu yenye pH ya juu, afu joto la Tanga la mwezi wa pili unalijua. Kwahiyo 2 ya Lushoto na 2 ya Makorora sio 2 moja.

Hayo mawe yako hujaniambia ni ya wapi. Kama ni matumbawe mliyookota Raskazone mkaona yamependeza, hayo nayo yanaipandisha pH. Na kama kuna makombe na simbi humo, mtoe mmojammoja umnuse ndani. Nisamehe kwa kusema hivo, lakini nimeshamkuta mtu ana kome kubwa zuri tangini na ndani nyama yake imeoza mwezi mzima. Toa mapambo ya pwani yote, ila usianze kuhangaika na madawa ya kushusha pH, gapi na plati wanayapenda maji magumu, shida yao ni amonia tu.

Ile dawa ya kutuliza amonia nayo hukuliwa hela. Inamfunga yule mkali kwa siku moja hivi, mbili ikizidi, lakini kipimo cha matone kinawahesabu wote waliofungwa na wasiofungwa, ndo maana rangi haikubadilika. Kama imebaki itunze, utaihitaji.

Sasa kazi. Kuanzia leo sponji haiguswi. Naijua mikono yako itawasha Ijumaa ikifika, kafue mapazia. Sponji ikiziba kabisa mpaka maji hayapiti, chukua maji uliyoyatoa tangini kwenye ndoo, iminye humo mara mbili tatu, maji yatakuwa kama chai ya maziwa, iache hivohivo na uchafu wake kidogo uirudishe ikiwa mbichi. Changarawe usiitoe tena nje. Badala ya kumwaga tangi zima, toa theluthi kila siku, ujaze maji ya bomba yaliyolala, upime, ukiona kijani imepita 0.5 siku hiyo toa nusu. Najua ni ndoo nyingi, ni kwa mwezi tu. Dawa iweke siku ambayo huwezi kubadilisha maji. Na kama kuna mtu unamfahamu ana tangi la zamani lenye samaki wazima, muombe kipande cha sponji yake, kipande cha kiganja tu, kibebe kikiwa kimelowa ndani ya maji ya tangi lake, ukiweke kwenye filta yako, hapo wiki sita zinaweza kuwa mbili. Hiyo ndo dawa bora kuliko chupa yoyote ya dukani.

Chakula. Hujasema unawapa kiasi gani na hilo kwa kawaida linamaanisha kingi. Kwa sasa mara moja kila baada ya siku mbili, chembe wanazomaliza kabla hazijagusa chini, basi. Hawafi njaa, samaki mkubwa anakaa wiki bila kula na anakuangalia tu. Ungemuuliza na mtoto kama hawapunguzii chapati, usimgombeze, muulize tu.

Samaki wa dhahabu na mnyonya kioo, kama bado wako hai, watafutie makao mengine, mtu mwenye bwawa dogo bustanini. Wa dhahabu ni mla sana na mchafuzi, tena ni samaki wa maji ya baridi, hakutakiwa kuchanganywa na enjeli. Na huyo mnyonya kioo waliyekuuzia kama mfagizi, anafagia kioo kweli, lakini ukimtazama vizuri ana uzi wa mavi unaning'inia nyuma muda wote, anatoa uchafu kuliko anaoufagia, na akikua anafika sentimita 30 na zaidi. Lita 120 kwake ni beseni.

Umeme ukikatika usingoje. Filta ikisimama saa kadhaa bakteria wanakosa hewa wanaanza kufa humo ndani, wewe itoe sponji uiloweke ndani ya tangi lenyewe, na kwa samaki chukua kata, uwe unachota maji unayamwaga kutoka juu, dakika chache kila nusu saa. Maji ya moto yanashika hewa kidogo, kwahiyo usiku wa joto ndo wanaumia zaidi. Ukiwa na mani planti, na sebule gani ya Tanga haina, kata vijiti viwili vitatu, osha mizizi, ning'iniza mizizi tu ndani ya maji na majani yawe nje, unakula amonia huo kama mchele.

Usije ukashangaa kwamba kama wiki ya pili au ya tatu amonia inashuka vizuri, unafurahi, afu samaki wanaanza tena kuhema juu. Hapo ni zamu ya nitriti. Tafuta na kipimo chake. Ikipanda endelea na maji yako ya kila siku, na tia chumvi ya kawaida isiyo na madini joto, kijiko cha chai kwa kila lita 20 ukiikoroga kwenye ndoo kwanza, chumvi inaizuia nitriti isiingie kwenye damu. Kipindi hicho usiweke samaki mpya hata mmoja, hata mume akirudi na mfuko mkononi.

Jirani mwambie mashallah ni neno zuri na waseme tu, haina ubaya. Mume muombe mpaka mwezi uishe kabla ya hilo kabati. Na mtoto mpe daftari na kalamu ya rangi, kila jioni achore kiduara cha rangi ya kipimo na tarehe, ndoo upande mmoja tangi upande wa pili. Nikipata barua yako ya pili nataka nianze na upande wa ndoo.